Kumlinda mtoto kwa kumshika mkono mzazi wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya, kuhusu programu za kuzuia ukatili kwa watoto kwa kuwasaidia wazazi wao, huletwa na mama mwenye kichanga cha wiki sita, baba aliyesukumwa na mkewe aje, bibi anayelea wajukuu wanne, mwalimu, na jirani aliyekaa na jambo moyoni kwa miezi. Pale ambapo watu huogopa zaidi tumejibu kwa kirefu. Kwingine jibu ni fupi kwa sababu halihitaji zaidi.

Kama kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi, usiendelee kusoma. Piga simu polisi au huduma ya simu kwa mtoto. Kenya, Tanzania na Uganda namba hiyo ni 116, na kupiga ni bure.

Programu hizi zinafanya nini hasa?

Zinafika nyumbani kabla madhara hayajafika. Nesi au mhudumu wa afya ya jamii anayemtembelea mama tangu akiwa mjamzito. Kikundi cha wazazi kinachokutana kila wiki. Mahali pa kumwacha mtoto kwa saa chache mzazi anapozidiwa. Fungu dogo la dharura la kuizuia familia isifukuzwe kwenye nyumba ya kupanga. Walimu wanaojifunza kuongoza darasa bila fimbo. Kwa nje havifanani, lakini ni kazi moja.

Wengi wakisikia "ulinzi wa mtoto" huona gari la polisi na kesi mahakamani. Hilo lipo, na lazima liwepo. Hata hivyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walipotoa mwongozo uitwao INSPIRE, walitaja mikakati saba, na sheria ilikuwa mmoja tu. Mingine ni kubadili fikra na desturi za jamii, kuyafanya mazingira yawe salama, kuwasaidia wazazi na walezi, kuinua kipato cha familia, huduma kwa walioumizwa, na elimu pamoja na stadi za maisha. Kesi huja baada ya mtoto kuumia. Ukitaka asiumie kabisa, huna budi kuanza mapema zaidi.

Ukatili kwa mtoto si kupiga tu?

Hapana. Kuna ukatili wa mwili, wa kingono, wa kihisia, na kuna kutelekeza. Huu wa mwisho hauna kelele wala alama ya mkanda, kwa hiyo hupita machoni pa watu: mtoto anayeumwa na hapelekwi kutibiwa, mtoto wa miaka mitatu anayeshinda peke yake, mtoto ambaye hakuna mtu mzima anayejua yuko wapi usiku. Wa kihisia nao hudharauliwa. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba bora asingezaliwa hubeba maneno hayo hadi utu uzima.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Umaskini si utelekezaji. Mzazi aliyekosa si sawa na mzazi aliyenyima, na mtu anayeifanya kazi hii bila kuiona tofauti hiyo atawaumiza watu. Mwenye viatu vilivyochanika anaweza kuwa mtoto anayependwa na kulindwa kuliko wote mtaani, na penye neema napo watoto huumizwa nyuma ya milango mizuri.

"Familia iliyo katika mazingira hatarishi" ni ipi? Ni lugha ya kutunyooshea kidole?

Imewahi kutumika hivyo, na tunawaelewa wanaoichukia. Maana yake sahihi ni familia iliyobebeshwa mizigo mingi kwa wakati mmoja bila mtu wa kuipokea. Mzazi mwenye sonona baada ya kujifungua. Nyumba yenye ulevi, au yenye kipigo kati ya wenzi. Mama wa miaka kumi na saba asiye na mtu wa kumuuliza. Madeni. Mtoto anayehitaji uangalizi usiku na mchana. Mzazi ambaye yeye mwenyewe aliumizwa utotoni. Hakuna hata moja kati ya haya linalomhukumu mtu kuwa atamtendea mwanawe vibaya. Wengi wenye mizigo hii hulea vizuri sana. Yanapokusanyika na kukutana na upweke ndipo hatari inapopanda.

Kwa hiyo anayekuja kwenu hapaswi kuja na orodha ya makosa. Anatakiwa atafute nguzo zilizopo na zile zinazopwaya: uwezo wa mzazi kusimama tena baada ya misukosuko, watu wanaomzunguka, anachokijua kuhusu makuzi ya mtoto, msaada halisi wakati wa shida, na uwezo wa mtoto kuelewa na kueleza hisia zake. Katika hizo tano, ya pili ndiyo tunayoiona ikikosekana mara nyingi zaidi. Mtu anaweza kuzungukwa na nyumba mia na asiwe na hata mlango mmoja wa kugonga saa nane ya usiku.

Nikisema nimeshindwa, mtanichukulia mtoto?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine mengi huulizwa kulizunguka hili.

Jibu la kweli lina sehemu mbili. Ya kwanza: programu za kuzuia ukatili kwa kawaida ni za hiari. Unaingia kwa ridhaa yako na unatoka unapotaka. Kusema "nimechoka," "nampigia kelele kila siku," "jana nilimpiga na nikajuta" ndiyo sababu vikundi hivi vipo. Huko California mwaka 1969 kilianza kikundi cha wazazi waliokuwa wakihofia mikono yao wenyewe, nacho kilianza kwa sababu mama mmoja alitafuta msaada kila mahali asiupate. Kikawa Parents Anonymous, na wazo lake likaenea: mzazi anayekiri ameshafanya sehemu ngumu.

Ya pili: siri ina mpaka. Mwezeshaji akiona kwamba mtoto ameumizwa vibaya au yuko karibu kuumizwa, ana wajibu wa kutoa taarifa, na katika nchi nyingi ni wajibu wa kisheria. Asiyekuambia hili siku ya kwanza hakutendei haki. Muulize waziwazi: mambo gani mkiyajua mtayaripoti? Kwa nani? Mtaniambia kabla? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, tafuta kwingine.

Kuhusu kuondolewa mtoto nyumbani, kanuni za kimataifa ziko wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 9, unataka mtoto asitenganishwe na wazazi wake isipokuwa mamlaka husika, chini ya uangalizi wa mahakama, imeona kwamba ni lazima kwa maslahi yake. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, unasema umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumwondoa mtoto. New Zealand ilikwenda mbele zaidi kwa sheria ya mwaka 1989, iliyochota katika desturi za Wamaori: ndugu na jamaa wa mtoto wakutane kwanza, wapewe taarifa zote, wapange wenyewe jinsi mtoto atakavyolindwa, kisha maofisa waupime mpango huo. Nchi nyingi zimeuiga utaratibu huo tangu wakati huo.

Je, maofisa hukosea? Ndiyo. Zipo familia zilizovunjwa bila sababu ya kutosha, na wapo watoto walioachwa mahali walipopaswa kutolewa. Hatutaki kukuficha hilo ili tu ujiunge. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mzazi aliyekuja mapema, mambo yakiwa bado madogo, ana njia nyingi zaidi mbele yake kuliko yule aliyefikiwa baada ya mtoto kulazwa.

Huyo anayetembelea nyumbani anakuja kukagua?

Anakuja kuwa upande wako. Atampima mtoto uzito, atakuuliza unalala saa ngapi, ataangalia jinsi mtoto anavyonyonya, atakuonyesha kwamba sauti ile ya kichanga ni mazungumzo na anasubiri umjibu. Atakuuliza pia unajisikiaje, kisha anyamaze akusikilize. Mama wengi hulia hapo, si kwa kuwa kuna baya, bali kwa kuwa tangu wajifungue kila mgeni amemuulizia mtoto tu. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wageni ni wengi mno wakati wa mimba kuliko wakati wa mwana.

Aina hii ya kazi imepimwa kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Elmira, jimbo la New York, mtafiti David Olds na wenzake waliwapeleka manesi kuwatembelea akina mama wa uzazi wa kwanza, wengi wao wakiwa wadogo kwa umri, maskini au bila mwenzi, tangu ujauzito hadi mtoto afikishe miaka miwili. Watoto walipofika miaka kumi na mitano, taarifa zilizothibitishwa za ukatili na kutelekezwa zilikuwa pungufu kwa karibu nusu, ukizilinganisha na familia ambazo hazikutembelewa. Finland ilianza kujenga vituo vyake vya ushauri kwa mama na mtoto tangu miaka ya 1920, na sheria ya mwaka 1944 ikavifanya viwe wajibu wa kila manispaa. Kwa kuwa kila mama huenda, hakuna anayeonekana ametiwa alama.

Kuna jambo lingine katika utafiti ule wa Elmira ambalo halisemwi vya kutosha. Nyumba ambamo mama alikuwa akipigwa mara kwa mara na mwenzi wake, matembezi ya nesi hayakupunguza ukatili kwa mtoto. Ndiyo maana mtembeleaji aliyefundwa vizuri huuliza kuhusu usalama wa mama, na huuliza akiwa naye peke yake. Huwezi kumlinda mtoto huku ukiipita damu ya mama yake sakafuni.

Kichanga wangu halii, anapiga mayowe. Nahisi nitamfanyia kitu.

Asante kwa kulisema. Mweke chini sasa, chali, mahali salama ambapo hawezi kuanguka. Toka chumbani. Funga mlango. Vuta pumzi, nawa uso, mpigie mtu simu, hata kama huna la kumwambia zaidi ya "kaa nami kwenye simu." Rudi kumwangalia baada ya dakika chache. Kulia peke yake kwa dakika kumi mahali salama hakutamdhuru. Kutikiswa kwa sekunde chache kunaweza kumuua, kumpofusha au kumwachia ulemavu wa maisha, kwa sababu kichwa chake ni kizito, shingo haijakomaa na ubongo bado ni laini.

Kilio cha vichanga huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufika kilele karibu na mwezi wa pili, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Hutokea hata kwa mtoto mwenye afya na mama asiye na kosa lolote. Kama ana joto kali, hanyonyi, anatapika mfululizo au kilio chake kimebadilika ghafla, mpeleke hospitali. Kama mawazo ya kumdhuru au kujidhuru yanarudi, mwambie nesi au daktari leo hii. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, na inatibika.

Bila kiboko mtoto atanyooka kweli?

Wazee hutukumbusha methali mbili: samaki mkunje angali mbichi, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Tunazikubali zote. Ya kwanza inasema mkunje, haikusema mvunje. Ya pili inasema usiogope kumkatalia mtoto, hata akilia. Katika hizo mbili hakuna fimbo. Fimbo tumeitia wenyewe.

Tafiti za miaka mingi zinaonyesha jambo lilelile: mtoto anayepigwa hutii kwa muda mfupi, kisha huwa mkali zaidi kwa wenzake, na hujifunza kuficha. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku adhabu ya viboko kila mahali, pamoja na nyumbani, mwaka 1979. Leo nchi zaidi ya 60 zimefanya hivyo.

Lakini kumwambia mzazi "acha kupiga" bila kumpa kitu mkononi ni kumdhulumu. Kikao cha malezi chanya humpa vitu. Kwanza, muda na mtoto, hata dakika kumi kwa siku, mtoto akichagua cha kufanya. Wazazi hushangaa kwamba hapo ndipo utii unapoanzia. Kisha kusifu kwa kutaja kitendo: "umemwachia mdogo wako zamu, nimeona." Kisha agizo moja fupi, linalosemwa kwa karibu, macho kwa macho, badala ya matatu yanayorushwa kutoka chumba kingine. Kisha matokeo yanayolingana na kosa na yaliyojulikana mapema: amemwaga, anafuta. Na mzazi mwenyewe kujifunza kuondoka kwa dakika mbili damu inapochemka. Wazazi huyafanyia mazoezi haya kwenye kikao kwa kuigiza, kwa sababu maneno ya karatasini hukimbia mtoto anapovunja kitu.

Nchini Uganda, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango wa shule uliojaribiwa katika shule za msingi 42 wilayani Luwero. Baada ya miezi kumi na minane, uwezekano wa mwanafunzi kuwa amepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita ulikuwa umepungua kwa asilimia 42. Kilichobadilika si kanuni ya ukutani. Walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi walibadilika pamoja, kila kundi kwa kazi yake.

Jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, programu ya vikao 14 kwa wazazi na vijana wao ilijaribiwa kwa familia 552 katika vijiji na vitongoji 40. Miezi kadhaa baadaye wazazi walieleza kwamba wamepunguza sana kuwapiga na kuwatukana. Vijana wao hawakueleza mabadiliko makubwa kiasi hicho. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu programu inayojipima kwa maneno ya watu wazima pekee haijajipima.

Mimi ni baba. Haya si mambo ya akina mama?

Njoo. Ukikuta viti vimejaa akina mama, kaa. Vikundi vingi hupangwa mchana wakati wanaume wako kazini, halafu waandaaji hulalamika kwamba akina baba hawaji. Hilo ni kosa letu. Omba kikao cha jioni au cha mwisho wa wiki. Baba anayembeba kichanga, anayemwogesha, anayejua jina la mwalimu wa mwanawe, humpunguzia mama mzigo, na mtoto hupata mtu wa pili wa kumkimbilia.

Mnatoa pesa au semina tu?

Inategemea programu, lakini tuseme tunachoamini: semina tupu kwa mtu ambaye kesho hana pa kulala ni dharau. Shida ya pesa hufanya usingizi kuwa mfupi na hasira kuwa karibu. Ndiyo maana mipango mizuri huunganisha malezi na ruzuku ya serikali, vikundi vya kuweka akiba, bima ya afya, au mtu wa kukusindikiza ofisini kudai haki uliyokwisha stahili. Mkataba wa Haki za Mtoto, ibara ya 19, unaposema watoto walindwe, unataja pia mipango ya kijamii ya kuwasaidia wanaowalea. Kwa hiyo usiombe kama anayeomba hisani.

Kumfundisha mtoto kusema "hapana" kunatosha kuzuia ukatili wa kingono?

Hakutoshi, na kumwachia mtoto jukumu hilo ni makosa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya watano na mwanaume mmoja kati ya saba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mara nyingi aliyetenda anajulikana: ndugu, jirani, mwalimu, kiongozi anayeheshimika, kijana mkubwa wa nyumba ileile. Mtu huyo hujenga imani ya mtoto, na hujenga ya wazazi pia. Mtoto wa miaka saba ataushindaje mpango wa mtu mzima?

Mfundishe, ndiyo. Majina sahihi ya sehemu za mwili. Kwamba mwili wake ni wake, hata kwa ndugu anayetaka kukumbatiwa. Kwamba siri ya zawadi hufika siku ikafunguliwa, lakini siri anayokatazwa asimwambie mtu kamwe aje aiseme, na hataadhibiwa. Kisha watu wazima wafanye sehemu yao. Kila mahali watoto wanapokusanyika, iwe shule, timu ya mpira, nyumba ya ibada au kituo cha watoto, pawe na kanuni zilizoandikwa: mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, historia ya anayeajiriwa ichunguzwe, na mtoto ajue pa kupeleka lalamiko ambapo si kwa mtu yuleyule.

Mtoto akikuambia, msikilize. Mwambie "nimekuamini, na si kosa lako." Usimhoji kama mpelelezi, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Kama ni jambo la karibuni, usimwogeshe, hifadhi nguo zake, mfikishe hospitali mara moja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Toa taarifa.

Na tafadhali, msimalizane kifamilia. Tumeona mambo haya yakifunikwa kwa fidia na kupeana mikono, mtoto akikaa pembeni anasikiliza thamani yake ikijadiliwa. Aliyetenda akabaki mtaani. Vikao vya malezi si tiba ya mbakaji, na mwezeshaji anayekubali kusuluhisha kesi ya namna hii ameisaliti kazi yake.

Nasikia kelele nyumba ya jirani. Niingilie au niripoti?

Jiulize unachokisikia. Mama aliyechoka anayefoka anahitaji mtu. Nenda kesho yake, bila kumsema: mwambie watoto wake wacheze kwenu saa mbili apumzike. Msaada mdogo wa namna hiyo umeokoa watoto wengi ambao hawatajulikana, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Ukisikia kipigo, ukiona majeraha yanayojirudia au maelezo yasiyolingana nayo, mtoto anayeogopa kurudi nyumbani, au anayezungumza mambo ya kingono yasiyolingana na umri wake, ripoti. Huhitaji ushahidi, kuchunguza ni kazi ya afisa ustawi wa jamii na polisi. Eleza ulichokiona na siku ulipokiona, bila kuongeza. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Na usiende kumkabili mtuhumiwa kwanza, maana atakayelipia ni mtoto, mlango ukishafungwa.

Mwanangu ana ulemavu. Kuna la ziada?

Lipo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watoto wenye ulemavu hukumbwa na ukatili karibu mara nne zaidi ya wengine. Hutegemea watu wengi kwa kulishwa, kuogeshwa na kusafirishwa. Wengine hawawezi kusema kilichotokea, na wakisema hawaaminiwi. Ulizia huduma ya kukupumzisha, yaani mtu aliyefundishwa anayebaki na mtoto ili ulale au ushughulike. Ulizia pia kama wahudumu wanajua lugha ya alama au picha za mawasiliano anazotumia mwanao.

Nililelewa kwa kipigo. Nitarudia?

Si lazima. Utafiti maarufu uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliohusisha maelfu ya watu wazima, ulionyesha kwamba madhila ya utotoni huongeza hatari ya magonjwa na sonona ukubwani. Watu wengi wameusikia na wakajiona wamehukumiwa. Hatari si hatima. Wengi walioumizwa hawawaumizi watoto wao, na mara nyingi nyuma yao utamkuta mtu mmoja aliyewathamini: shangazi, mwalimu, mwenzi, mshauri. Ukiona mkono wako unapanda kama ulivyokuwa unapanda wa baba yako, hiyo ndiyo siku ya kuja.

Nitajuaje kama programu ni nzuri?

Angalia inavyoanza. Nzuri hukuuliza unachokihitaji kabla ya kukupa ratiba. Hudumu kwa muda wa kutosha, maana vikao viwili havibadilishi tabia ya miaka ishirini. Wahudumu wake wamefunzwa, wana msimamizi wa kuongea naye, na wanalipwa au angalau kurudishiwa nauli. Ina kanuni zake yenyewe za kulinda watoto, na mahali pa kumshtaki mfanyakazi wake. Huwauliza watoto. Inajua pa kukupeleka kwa yale isiyoyaweza, na hukusindikiza, haikupi karatasi tu.

Jihadhari na programu inayopiga picha za watoto walioumizwa na kuzitumia kuomba fedha.

Kwetu hakuna chochote. Tunaanzaje?

Anzeni na mlicho nacho. Tafuteni watu wawili wanaoaminika na wenye kifua cha kutunza siri. Kabla ya kikao cha kwanza, zungukeni mjue: zahanati ya karibu ni ipi, afisa ustawi ni nani, dawati la polisi la watoto liko wapi, nani anashughulikia ulevi. Andikeni namba hizo. Kikundi kisicho na pa kumpeleka mtu siku mambo yakiwa mazito ni hatari kwa wote.

Kisha wazazi wasiozidi kumi na watano, siku moja ya wiki isiyobadilika, na mtu wa kuwaangalia watoto wakati wazazi wanazungumza. Bila huyo, wenye mzigo mkubwa hawatakuja. Tumieni mtaala uliokwisha pimwa badala ya kutunga wenu. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu vya Oxford na Cape Town ni miongoni mwa walioanzisha Parenting for Lifelong Health, yenye vitabu vya wawezeshaji visivyouzwa, vilivyoandaliwa kwa mazingira yenye uwezo mdogo.

Na msimwache mwezeshaji abebe peke yake aliyoyasikia. Kila baada ya vikao kadhaa akae na mtu wa kumsikiliza yeye.

Nimekosa vikao vitatu. Naona aibu. Naweza kurudi?

Rudi. Hutaulizwa mbele ya watu ulikuwa wapi. Ukifika mapema, mwezeshaji atakueleza kwa dakika chache tulipofikia. Ukichelewa, ingia hivyohivyo, ukae.